Kwa Sumeiya, Kwa Jedida

Sumeiya ana sauti. Nalisema hili mwanzo kabisa nilitoe njiani, maana nikichelewa mtaanza kunong'onezana kwamba Kahaso ana gere. Ninayo! Nimekaa na mwanamke mwenzangu huyu chini ya paa moja, hapa kwenye redio yetu ya Malindi, miaka nenda miaka rudi, na hata leo akifungua mdomo kusema "hamjambo wapenzi wasikilizaji", mimi fundi wa mitambo, ninayeujua kila waya unaomfikisha hewani, huacha nilichoshika nikamsikiliza. Halafu hukasirika.

Watu wa Mambrui humletea halua. Wa Sabaki humletea kamba wabichi, wamefungwa kwenye jani, eti "mpe Bi Sumeiya, sauti isikauke". Kuna mzee mmoja wa Ganze alimwita mtoto wake Sumeiya, na mzee mwenyewe ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Mimi je? Mtambo ukinyamaza kwa sababu ya radi, simu yangu inalia mpaka inapata moto: "Kahaso, kuna nini huko?" Mtambo ukirudi hewani hakuna hata mmoja anayepiga kusema ahsante. Lakini leo si hadithi yangu. Nataka kuwaeleza habari za Sumeiya na nyumba aliyoibomoa kwa mikono yake.

Sumeiya ni mtu wa Mambrui. Mama yake aliolewa mbali, naye akabaki kwa bibi yake, Bi Shekha, mwimbaji wa harusini ambaye sifa zake ukiuliza mtaani utakaa mpaka chai ipoe. Kuingia redioni alianza kama mpiga simu. Wakati huo kipindi cha alasiri kilikuwa mkononi mwa Jedida, msichana wa Kilifi, mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kinachotangulia maneno yake. Sumeiya alikuwa akipiga simu kila alasiri kumsalimu bibi yake, jirani za bibi yake, na kuku wa bibi yake. Jedida ndiye aliyesema hewani, "Wewe dada, sauti hii unaipoteza kwa kuku, njoo utusaidie kazi." Akaja. Na Jedida alipopata mume na kuhamia Mtwapa, kiti cha alasiri akapewa Sumeiya.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mwanzo wote ule wasikilizaji walikuwa wakipiga simu, wanasalimia vizuri, wanaomba wimbo wao, kisha kabla ya kukata wanauliza, "Jedida naye atarudi lini?" Sumeiya anajibu kwa ile sauti yake ya asali, "Inshallah, mpenzi, anawasalimu." Akizima kipaza sauti anageuka mwingine kabisa. "Jedida, Jedida! Mimi hapa ni kivuli?" Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukitaja Mtwapa mbele yake, hata kama unazungumzia foleni ya magari, anakuangalia kwa jicho la pembeni.

Sasa niwaingize kwenye mashine, na msikimbie, nitawaeleza polepole.

Aliyeijenga mashine yetu ni Mzee Mwaringa, aliyekuwa fundi kabla yangu, ambaye sasa analima minazi na mahindi huko Sabaki. Mzee Mwaringa ni Mgiriama kama mimi, na alipanga folda za redio kama tunavyoita miji yetu. Kwetu Vitengeni mudzi, yaani boma la ukoo, hauna namba. Unaitwa kwa mwenyewe: kwa Menza, kwa Kavumbi, kwa Mangi. Menza akifa, wanawe wakizaa, wajukuu wakitoa makuti wakaweka mabati, bado utaambiwa ushuke kwa Menza. Yeye ndiye aliyefyeka pori, na jina la mwenye mudzi haliondolewi kwa sababu tu hayupo. Basi kila mtangazaji alipewa folda yake ya kuwekea vipindi, ikaitwa kwa jina lake. Ya Jedida iliitwa kwa-jedida.

Jedida alipoondoka, Sumeiya akaambiwa afanyie kazi zake humo. Alikataa kata kata. Akasimama mlangoni kwa Mzee Mwaringa, buibui limeshikwa kiunoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, mke mwenza nyumbani nitamvumilia Mungu akinijaalia. Lakini mke mwenza kwenye kompyuta, hapana. Hilo jina litoke."

Mzee Mwaringa hawezi kugombana na mwanamke, na hawezi kuondoa jina la mwenye mudzi. Akatafuta njia ya katikati. Akatengeneza kile tunachokiita njia ya mkato: jina tu, halina kitu ndani, ukiligusa linakupeleka folda nyingine. Akaliita kwa-sumeiya, akalielekeza kwa-jedida. Ni mlango mpya kwenye nyumba ile ile. Akamwambia, "Haya mama, umepata kwako." Sumeiya akafurahi, siku hiyo akanunua viazi karai ofisi nzima. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mzee akanikonyeza, akaniambia kwa Kigiriama nisimharibie mtoto wa watu furaha yake. Msinitazame hivyo. Mkubwa wako wa kazi akikwambia nyamaza, wewe hunyamazi?

Mtauliza, ilikuwaje miaka yote hiyo asijue? Jibu ni tabia ya kitu kinachoitwa sheli, na simaanishi sheli ya petroli kule barabarani. Kwenye kompyuta kuna dirisha jeusi la kuandikia amri. Unaandika "nakili hiki", "peleka kile hewani", na ndani ya dirisha hilo kuna programu inayopokea maneno yako na kuyatekeleza. Hiyo ndiyo sheli. Sumeiya alifundishwa amri chache za kazi yake, na alikuwa akizitumia kila siku.

Sheli haiamki yenyewe. Huamshwa na programu nyingine, tuseme mzazi wake, na mzazi huipa maneno ya urithi. Moja linaitwa PWD, na kazi yake ni kuieleza sheli: hapa unapoamkia panaitwa hivi. Lakini sheli si bwege, haimezi kila inachoambiwa. Kwanza inaangalia kama jina hilo limetajwa kikamilifu, tangu kwenye mzizi wa mashine, yaani folda ya juu kabisa inayobeba nyingine zote. Kisha inalifuata ione kama kweli linaifikisha pale pale iliposimama. Vikiwa sawa, inalikubali jina kama lilivyo, hata kama ni la mlango wa pembeni, na ndilo inalokuandikia kwenye dirisha. Jina likiwa la uongo, au mzazi asiposema kitu, sheli inaachana nalo. Inapanda yenyewe kutoka iliposimama mpaka juu kwenye mzizi, inasoma jina halisi la kila folda, na hilo la kweli ndilo inalokuonyesha.

Kiwashio cha zamani alichoweka Mzee Mwaringa, ambacho ndicho mzazi wa sheli yetu, kilikuwa kikiipa jina la kwa-sumeiya. Sheli inalifuata, inaona kweli linafika, inanyamaza. Kila akifungua dirisha, Sumeiya anasoma kwa-sumeiya. Nilimwona mara nyingi akiligusa jina hilo kwenye kioo kwa kidole kabla ya kuanza kazi. Na mimi, niliyekuwa nikiifagia nyumba hiyo kila wiki, sikuwa na folda yenye jina langu hata moja. Haya, tuendelee.

Baada ya masika nilibadilisha programu za mashine, kwa sababu zile za zamani zilikuwa na matundu ya wezi. Tuna skrini mbili kwenye mashine moja, ya studio na ya chumba cha maandalizi. Ya studio sikuigusa, dirisha lake lilikuwa wazi na kazi ilikuwa hewani. Ya maandalizi nikaiwekea kiwashio kipya. Kiwashio hiki ni kisafi kupita kiasi, kinaiamsha sheli mikono mitupu, hakiipi neno lolote la urithi. Nilikijaribu, kikafanya kazi, nikaondoka. Jina litakaloandikwa kwenye dirisha sikulifikiria, na nani angelifikiria?

Wiki ile ile meneja wetu, Bwana Gerishom, akatuita wote. Akasafisha koo. Alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, redio inaanzisha kipindi kikubwa cha asubuhi, kitakachowalenga wasikilizaji wetu wote kuanzia Mtwapa mpaka Vitengeni. Ya pili, Jedida anarudi. Kipindi hicho atapewa mmoja kati ya Jedida na Sumeiya, na kila mmoja alete kipindi kimoja alichokitengeneza mwenyewe zamani, kichezwe Ijumaa mbele ya wasikilizaji walioalikwa, nao ndio waamue.

Nilimtazama Sumeiya. Alikuwa akitabasamu, na mkono wake ulikuwa umeikamata shela kama anayeikamua maji.

"Karibu sana Jedida," alisema. Mbele ya meneja alisema hivyo. Tulipotoka kwenye ukumbi akanivuta kando. "Shoga, Ijumaa naleta kipindi cha bibi. Aje na chochote anachotaka."

Hapo kweli alinifunga mdomo. Kipindi cha bibi ni kipindi ambacho hata mimi mwenye roho mbaya siwezi kukitia doa. Bi Shekha aliimba kwenye harusi za watu maisha yake yote, na hakukubali kurekodiwa. Wakija na simu zao anazinyooshea fimbo. Ila alasiri moja, kwa kumpenda mjukuu wake, alikubali kukaa naye kwenye baraza la ndani, akaeleza alivyoolewa, akaimba wimbo aliomwimbia bibi harusi wa kwanza, akasahau ubeti katikati, akacheka, akamwambia Sumeiya, "Malizia wewe, mwanangu." Sumeiya akamalizia. Masika ya mwaka ule hayajaanza, Bi Shekha akafariki. Sauti ya bibi yule ilibaki humo kwenye folda tu. Kwenye kaseti haipo, kwenye simu haipo. Nilimwambia Sumeiya zamani anipe nakala niiweke pembeni. Akakataa, "Utampelekea Jedida." Diski yetu ya akiba nayo ilikuwa imeliwa na chumvi ya hewa ya huku kwetu, nikasema, nikasema tena, nikaambiwa subiri. Nilisema mimi!

Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, mimi nilikuwa Sabaki, juu ya mnara wetu wa redio, nakaza boliti. Upepo unanipiga, kanda la vifaa limenining'inia begani, simu inalia. Sumeiya.

"Kahaso, Jedida ameshaingia humu?"

"Ameingia wapi?"

"Usinifanye mtoto! Nimefungua dirisha la maandalizi, mashine inaniambia niko kwa Jedida. Kwa Jedida, Kahaso! Hata hajafika, mmeshampa nyumba yangu?"

"Sumeiya, hebu subiri nishuke nikueleze..."

"Nisubiri nini? Nimeangalia, majina yote mawili yapo. Langu mmeliwekea rangi yake peke yake, kama pambo, mnaniona mjinga. Lake mmeliweka ndani ya dirisha langu. Nalifuta."

"Usifute kitu! Sumeiya! Usiguse!"

Upepo ule, sijui hata alisikia neno gani. Sheli ya maandalizi, iliyoamshwa bila urithi, ilikuwa imejitafutia yenyewe jina la kweli la nyumba. Rangi ile aliyoiita pambo ndiyo alama ya njia ya mkato. Mashine huipaka ili mwenye kujua ajue kwamba hili ni jina tu, nyumba iko kwingine. Aliangalia, akaona kwa-sumeiya ipo salama pembeni, akaona kwa-jedida imekaa kando yake. Moyoni mwake hapakuwa na swali. Aliandika amri ya kufuta, akaitaja kwa-jedida, akabonyeza.

Nilishuka mnara ule kama ninayefukuzwa na nyuki. Nilipofika Malindi nilimkuta studio, anakula kaimati, uso unang'aa.

"Nimemtoa," akaniambia. "Sasa aje."

"Umeangalia vipindi vyako?"

"Viko wapi kama si kwangu? Tazama." Akanyoosha kidole kwenye skrini ya studio, kwenye lile dirisha nililoliacha wazi tangu kabla ya mabadiliko. Kweli, liliandikwa kwa-sumeiya, vile vile kama jana. Sheli ile ilishaliamini jina hilo tangu ilipoamka, na hairudi kuuliza tena.

Nikaandika amri ya kuorodhesha vilivyomo. Hakikutoka kitu. Kaimati ikasimama njiani, karibu na mdomo wake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kimya. Nikaamsha sheli mpya ndani ya ile ya zamani. Mtoto akapokea urithi kutoka kwa mzazi: hapa ni kwa-sumeiya. Akalifuata jina, halikumfikisha popote. Akaliacha, akataka kupanda mwenyewe mpaka kwenye mzizi aulizie njia, akakuta hata ngazi ya kwanza haipo, maana folda aliyosimama ndani yake ilishafutwa. Akaandika malalamiko kwenye dirisha kwamba hawezi kujua yuko wapi.

"Inasemaje hiyo?" Sumeiya akaniuliza, sauti imekuwa nyembamba.

Nikamweleza. Nikamweleza mlango na nyumba, Mzee Mwaringa na jina lisiloondolewa, nikamweleza kwamba tangu siku ile ya viazi karai alikuwa akiishi kwa Jedida. Nilidhani atapiga kelele. Aliweka kaimati kwenye sahani, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Na bibi?"

Nikavuta kibodi karibu.

"Kahaso, na bibi yangu?"

Nilileta programu ya kufufua vilivyofutwa. Mashine hiyo ilikuwa ikirekodi hewani mchana kutwa, na ilikuwa imeshaandika vitu vipya juu ya vya zamani. Nilipata vipande: nusu ya salamu za mtu wa Watamu, tangazo la dawa ya mbu, kicheko kisicho na mwenyewe. Bi Shekha hakuwemo. Sumeiya alikaa sakafuni kwenye kona ya studio, mgongo ukutani, akalia bila sauti, yeye mwenye sauti. Na mimi niwaambie ukweli, ile gere yangu yote ilinitoka kwa muda. Ningeutoa mnara wangu mzima arudishiwe ile alasiri moja ya Mambrui.

Mlango ukagongwa. "Hodi wenyewe!" Kicheko kikatangulia, kisha Jedida akaingia nyuma yake, mrefu vile vile, kanga ya safari kiunoni, amefika kutoka Mtwapa na hajapita hata kwao Kilifi. Bwana Gerishom alikuwa nyuma yake na chupa ya chai. Jedida akamwona Sumeiya pale chini, kicheko kikakatika.

"Nani amefariki?"

Nikasema mimi, kwa sababu fundi ndiye anayeulizwa siku zote. Nikamwambia folda imefutwa, na kwamba kilichopotea ni kipindi cha Bi Shekha. Aliyefuta na kwa sababu gani sikusema. Sumeiya akainua kichwa, akasema mwenyewe.

"Nilidhani ni yako, Jedida. Niliifuta kwa sababu nilidhani ni yako."

Mimi nikamtazama Bwana Gerishom, Bwana Gerishom akatazama chupa ya chai. Jedida akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa simu, kioo kimepasuka pembeni, akaanza kutafuta kitu kwa kidole gumba.

"Ninacho," akasema.

"Una nini?" Sumeiya akauliza.

"Cha bibi yako. Ninavyo vyako vingi, lakini hicho nimekirudia mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa." Hakuwa akicheka. "Unadhani nilikuwa nafanya nini Mtwapa alasiri? Nilikuwa naacha sufuria motoni, naiweka simu kando ya redio, nakurekodi. Nilitaka kujua una nini wewe ambacho mimi sina. Watu walikuwa wakilia kwa ajili yangu, nikaja nikasikia wameacha kuniulizia. Haki ya Mungu nilikuchukia, Sumeiya. Nilikuchukia kila siku, jioni naanza kukungojea tena kesho."

Akabonyeza. Ukatoka mkwaruzo kidogo, sauti ya mafuta yanakaanga jikoni Mtwapa, mtoto anakohoa, na nyuma ya hayo yote Bi Shekha. Anaeleza alivyoolewa. Anaimba. Anasahau ubeti, anacheka, "Malizia wewe, mwanangu." Sumeiya wa wakati ule anamalizia. Na hapo, karibu kabisa na simu, sauti ya Jedida inasikika ikinong'ona peke yake jikoni: "Mchawi huyu. Mchawi kabisa. Anaijua kazi."

Sumeiya alianza kucheka kabla hajamaliza kulia. Akanyanyuka kutoka sakafuni, akamkumbatia Jedida, na Jedida akamkumbatia, wakalizana mabegani kama watu waliozaliwa tumbo moja, huyu akisema "nisamehe", yule akisema "nyamaza, nami pia". Bwana Gerishom akamwaga chai kwenye sahani akitafuta kikombe.

Ijumaa Jedida akacheza chake alichokuja nacho, kisha cha bibi kikachezwa vile vile, pamoja na mafuta ya kukaanga na kikohozi cha mtoto. Nilimwuliza Sumeiya kama nikate ule mnong'ono wa Jedida, kazi hiyo naiweza. "Ukikata, nakukata mkono," akanijibu. Ukumbi ulipousikia ulilipuka. Wasikilizaji wakampa Sumeiya asubuhi, na Jedida akarudi kwenye alasiri yake, na nadhani hata angeshinda Jedida wangekumbatiana vile vile. Ningependa kuwaambia kwamba kuna aliyenuna. Hakuna.

Wakaja kwangu wote wawili, wameshikana mikono, niwatengenezee folda. Nyumba mbili za kweli safari hii, si mlango na nyumba. Nikajenga kwa-jedida, nikajenga kwa-sumeiya, nikamweka Bi Shekha ndani, nikaweka na nakala yake kwenye diski mpya. Kisha nikakirekebisha kiwashio kiwe kinaipa sheli urithi wake. Sumeiya akafungua dirisha, akasoma jina, akaligusa kwa kidole kama zamani.

Nami nikiwatazama pale, ikaniingia. Jedida amemwonea gere Sumeiya mpaka akaitunza sauti ya bibi yake ndani ya simu iliyopasuka. Sumeiya amemwonea gere Jedida mpaka akabomoa nyumba. Kila mmoja alikuwa ameketi ndani ya moyo wa mwenzake miaka yote hiyo, na hakuna aliyemsahau mwenzake hata alasiri moja. Mimi nimewahi kusema hewani mara moja tu, siku ya kujaribu mtambo, "moja, mbili, moja, mbili." Nani alirekodi hiyo?

Jedida alipotoka kwenda kumsalimu Bwana Gerishom, nikamwuliza Sumeiya. Nilijitia nakunja waya, nisimtazame.

"Sumeiya, na mimi je? Umewahi kunionea gere, hata siku moja?"

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli, hakuna ubaya hata chembe kwenye uso wake.

"Wewe, shoga? Kwa lipi?" Akacheka, akanipiga begani kwa mapenzi, akafungua kile kikasha alicholetewa asubuhi kutoka Mambrui, akanikatia kipande kikubwa cha halua. "Kula, umefanya kazi sana."

Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikasirisha.